Profesa Aliyeogopa Dawa

Katika watu wote niliowahi kuwafahamu, aliyeogopa dawa kuliko wote ni yule aliyezifundisha maisha yake yote. Kichwa kikimuuma alikunywa maji, akafunga pazia la ofisi, akakaa kimya mpaka kipoe. Akipata homa, mkewe alilazimika kumsimamia hadi ameze. Sisi wanafunzi wake tulilicheka jambo hilo koridoni, kwa sababu somo lake lilikuwa dawa zinazofanya kazi kwenye ubongo, na mlangoni kwake kulikuwa na kibao kirefu chenye vyeo vyake vyote. Mtu kama huyo kuogopa kidonge cha kichwa ni sawa na dereva wa lori kuogopa barabara.

Nitamwita Profesa tu, kama nilivyomwita tangu siku ya kwanza na kama ninavyomwita leo. Yuko hai. Amestaafu, amerudi kwao Iyula, huko Mbozi, kwenye kahawa na mahindi, na mikono yake inatetemeka. Naandika haya kwa sababu naogopa. Mikono peke yake isingenitisha hivi. Ugonjwa huu kwa baadhi ya watu haukomei mikononi, unapanda hadi kwenye akili, na hilo ndilo analoliogopa yeye kuliko kifo. Nataka kumwandika wakati bado ni yeye.

Chuoni Dar es Salaam alikuwa na jina la utani, Mpaka Ale. Lilitokana na sheria ya maabara yake. Panya akishachomwa sindano, haijalishi ya dawa gani, mwanafunzi aliyemchoma haruhusiwi kuondoka mpaka panya yule ale mwenyewe. Kutembea hakukutosha, wala kufumbua macho. Alituambia mnyama anaweza kutembea huku ubongo wake haupo, lakini anayenusa chakula, akakitaka, akakifuata, huyo amerudi. Basi tulikaa. Wenzetu wa idara nyingine walikuwa wameshakwenda mpirani, harusini, kwenye kwaya, na sisi tumekodolea macho kizimba cha panya aliyejikunyata pembeni, punje za mahindi mbele yake. Nimewahi kumbembeleza panya kwa Kinamwanga. Mwenzangu mmoja wa kutoka Tanga alimsomea dua. Profesa naye hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha mbao, koti limefungwa hadi kifungo cha juu, na ukimtazama usoni ulijua si kwamba anatukomoa. Alikuwa anaogopa kweli.

Hofu yake iliambukiza. Mwaka wa pili nilianza kusoma vikaratasi vya ndani ya boksi kabla ya kumpa mtu hata dawa ya mafua. Mama yangu alinipigia simu kutoka Msangano akaniomba nimtafutie dawa ya usingizi. Nikamhoji anakula nini, anakunywa nini, analala saa ngapi, anaota nini. Akakata simu, akawaambia majirani kwamba mtoto wake kumbe alikwenda Dar kusomea upolisi.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Darasani alikuwa na utani wake mkavu. Sisi tuliotoka huku kwetu alitutania zaidi. Kahawa, alituambia, ndiyo dawa ya ubongo ambayo Wanyiha wenzake wamekuwa wakiipalilia kwa jembe na kuiuza yote bila kuionja, na hiyo kwake ilikuwa dalili ya watu wenye akili. Yeye mwenyewe alikunywa maziwa ya moto. Mimi alinisema kwamba Wanamwanga hatuna haja ya vichangamshi, tumezaliwa tukiwa tumeshachangamka. Ukimletea jibu la kitabuni alikusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Mmemwona, au mmemsoma?" Swali hilo liliwafanya wengi warudi wodini kumtazama mgonjwa upya. Wengine walimchukia kwa sababu ya swali hilo, maana aliwafelisha bila kupandisha sauti.

Na bado mtu huyohuyo, radi ikianza kuunguruma kule Mbozi, alikuwa mwingine kabisa. Nilikuwa kwao likizo moja ya mvua, nimepeleka salamu tu, wingu likatanda. Profesa alichomoa nyaya zote ukutani, akavua saa, akaamuru sufuria zitolewe barazani, akapanda kitandani na kukunja miguu. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, aliendelea kuchambua maharage bila hata kuinua kichwa. Mtu akithubutu kuzungumzia radi za kutumwa, Profesa alimkatiza kwa hasira na kumweleza habari za umeme wa mawinguni. Lakini siku ile, ngurumo ilipopita, nilimsikia akimuuliza Mama kwa sauti ya chini nani alikuwa amepita pale getini asubuhi. Mama akamjibu kwamba ni fundi bomba. Mimi nikajifanya natazama maharage.

Utafiti wake mkubwa ulikuwa wa mzizi mmoja. Sitautaja, kwa kuwa yeye mwenyewe alikataza usitajwe. Aliupata kwa mganga wa Msangano aliyekuwa akiutumia kutibu kifafa. Kwenye maabara panya wenye degedege walipewa maji ya mzizi ule, na degedege ikakoma. Idara nzima ilishangilia. Mkubwa mmoja alianza kuzungumza na waandishi wa habari, na mhadhiri mwingine alishashona suti ya mkutano wa ng'ambo. Profesa akasema tusubiri. Tukawalisha panya wale mzizi kwa muda mrefu, watu wakilalamika kwamba anawachelewesha makusudi, mpaka siku tulipowaona majike waliozaa wakipita juu ya watoto wao kana kwamba wanapita juu ya maranda. Hawakuwanusa wala kuwanyonyesha. Kifafa kilikuwa kimeondoka, na kuna kitu kingine kimeondoka nacho. Siku hiyohiyo alifunga utafiti. Mwenye suti hakumsalimia tena hadi anastaafu.

Aliona ni lazima arudi Msangano kumweleza mganga, na mimi nikaenda naye kutafsiri. Njia nzima, barabara mbovu, gari linaruka, alikuwa ananiuliza ataanzaje. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimemwona akiwajibu wazungu kwenye semina bila wasiwasi. Mganga alitukaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimwambie mgeni kwamba hao ni panya, yeye ana watu, na watu wake wanamsalimia kwa majina sokoni. Hawakuelewana. Waliagana kwa heshima na kila mmoja akabaki na lake. Tulipokaribia barabara kuu, Profesa alisema huenda mganga yuko sahihi na huenda amekosea, ila kinachomtisha ni kwamba hakuna aliyewahi kwenda kwenye nyumba za watu wale kutazama wamesahau nini.

Nilipofungua duka langu la dawa Tunduma alikuja kuniona. Nilijivuna, nikampa kiti nyuma ya kaunta nikidhani atasifia rafu. Akakaa asubuhi nzima akitazama wateja. Alikuja dereva wa lori aliyekuwa kwenye foleni ya mpakani, anataka kitu cha kumkesheza hadi Kapiri, mbali ng'ambo ya mpaka. Akaja mama mfanyabiashara ambaye mzigo wake umezuiwa, anataka kitu cha kumlaza. Akaja kijana kutoka Nakonde, mji wa upande wa pili wa mpaka. "Mulishani, mayo," akanisalimia kwa Kibemba, yaani hujambo mama, kisha kwa Kiingereza cha haraka akaomba vidonge vikali vya mishipa ya fahamu, eti vya kaka yake. Hana cheti. Nikamkatalia. Akacheka bila ubaya, akasema duka la pili watampa, na kweli tulimwona akitoka huko na kimfuko. Profesa akaniuliza sasa hapana yangu imemsaidia nani. Nilikasirika, nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha kuisema. Akajibu kwamba anajua, na ameniuliza kwa sababu hata yeye jibu hana. Kisha akaninunulia machungwa akapanda gari kurudi Iyula, akaniacha na hofu mpya ambayo sikuwa nayo alipokuja.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni Profesa wa mhadhara wa kutetemeka. Kila mwaka kulikuwa na mhadhara mmoja ambao hata watu wa idara nyingine walikuja kuusikiliza wakiwa wamesimama. Aliingia darasani amechelewa, hatua fupifupi, nyayo zikisugua sakafu, mikono imeganda ubavuni haichezi, uso hauna kicheko wala hasira, na kidole gumba kikizunguka juu ya vidole vingine kama anayefinyanga tonge dogo la ugali. Alikwenda hivyo hadi ubaoni, akaandika neno moja ambalo herufi zake zilipungua hadi zikapotea. Tulivunjika mbavu. Kisha alinyooka ghafla, akawa Profesa wetu, akauliza: "Haya, mimi ni mgonjwa, au kuna mtu amenipa dawa?" Maana ziko dawa, nyingine za kawaida kabisa, zinazoweza kumletea mtu mzima hali ileile, na ukiziacha hali huenda ikaondoka nazo. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote muulize mgonjwa anakunywa nini. Ukisahau, alisema, utamzika mtu na ugonjwa uliompa wewe mwenyewe.

Mwaka juzi kulikuwa na msiba Vwawa. Nimekaa na akina mama kwenye mkeka, nikamwona Profesa anakatiza uwanja wa ile nyumba. Hatua fupifupi. Mikono imeganda ubavuni. Gumba linazunguka. Mungu anisamehe, nilitabasamu. Nilidhani ameniona kwa mbali na ananichezea mhadhara wetu hapohapo msibani, na nikawa nasubiri anyooke. Nilinyanyuka kwenda kumpokea, nikamwamkia, shikamoo Profesa, bado natabasamu. Akaitikia marahaba kwa sauti iliyodidimia. Uso haukucheza. Macho tu ndiyo yaliyonijua.

"Siigizi, mwanangu," akasema.

Tangu siku ile sikuwa na raha. Daktari wa Mbeya alikuwa ameshamwambia jina la ugonjwa na kumpa dawa zake, na yeye, mwoga wa vidonge, alikuwa anavimeza bila kulalamika, jambo lililonitisha kuliko yote. Nilikuwa nampigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Nilisikiliza maneno yake zaidi ya habari zake, kama anayakumbuka, kama anayapanga, kama amerudia swali. Akichelewa kujibu, nilihesabu sekunde. Yeye naye alijua ninachofanya, na mara nyingine alinitajia majina ya wanafunzi wa darasa letu mmoja baada ya mwingine bila kuulizwa, ili tu nipate usingizi.

Kisha mwaka huu, Mama alishuka Tunduma kununua vitenge, akapita dukani kunisalimia. Alipokuwa anaaga akakumbuka kwamba dawa ya kizunguzungu ya baba, yaani Profesa, imekaribia kwisha, kwa kawaida huinunua Mlowo, lakini kwa kuwa yuko hapa nimpe tu. Akataja jina la dawa yenyewe. Ni dawa tunayouza kila siku, bei yake ndogo, haina kelele. Na ni mojawapo ya zile za mhadhara.

Nikamuuliza anaimeza tangu lini. Akasema tangu walipohamia Iyula, kizunguzungu kilimsumbua sana mwanzoni, na ndiyo hiyo ilimtuliza. Nikauliza kama anaimeza kila siku. "Kila siku, mwanangu. Mimi mwenyewe namwekea mkononi, na maji namshikia." Nilimwambia kwa sasa imeniishia, nitaileta mwenyewe. Alipotoka nikaingia stoo nikalia kwa furaha. Sisi watu wa dawa tuna ugonjwa wetu: jambo likitutisha, tunatafuta dawa ya kulaumu. Nilijiona nimempata mwizi. Profesa amesahau swali lake mwenyewe, maana nani hujiuliza anakunywa nini? Tutaiacha, tutasubiri miezi, na ataingia sebuleni siku moja amenyooka.

Hofu iliyobaki ilikuwa ya kumwambia. Kwetu mwanafunzi hamwambii mwalimu wake kwamba amesahau somo, tena somo lile. Nilipanga maneno kutoka Tunduma, nikayapangua, nikayapanga tena juu ya bodaboda nikipanda kwenda Iyula.

Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Ukungu ulikuwa unaanza kuachia na kahawa imeanikwa kwenye vichanja. Profesa alikuwa ameketi juani, koti zito, mikono imefunikwa na shuka ili isionekane. Mama alinikaribisha, akaenda jikoni kuweka chai. Nikaona nisipoyasema sasa sitayasema, nikamweleza yote kwa mkupuo: dawa ya kizunguzungu, kila siku, tangu lini, na jinsi yeye mwenyewe alivyotufundisha.

Alinisikiliza uso ukiwa uleule. Siku hizi huwezi kuona jambo likimgusa, lazima ungoje aseme.

"Niliiacha kahawa ilipotoa maua," akasema.

Niliangalia vichanja. Kahawa ile ya maua sasa ilikuwa imechumwa, imeanikwa, inakauka mbele yetu. Sikuelewa, nikamwambia Mama anampa kila siku mkononi. Akanieleza polepole, kwa ile sauti iliyozama. Kidonge anakiweka chini ya ulimi, anakunywa maji, Mama akigeuka anakitema kwenye mikahawa. Swali la anakunywa nini alijiuliza siku ya kwanza gumba lilipocheza, na dawa iliyoonekana kuhusika ni hiyo moja tu, ila kizunguzungu kilimtia woga wa kuiacha mapema. Hakumwambia Mama, kwa sababu alihitaji mtu wa kumtazama ambaye hajui kilichobadilika. Mtu anayejua huona anachokitaka. Hivyo kila jioni, miezi yote hiyo, alikuwa anamuuliza mkewe leo ameonaje, na yeye bila kujua anajibu leo afadhali, leo umezidi kidogo, leo mkono wa kushoto nao.

"Na?" nikauliza.

"Umezidi. Tena kwa mstari ulionyooka."

Nilikasirika. Nilimwona mkatili kwa Mama, na nilimhurumia, na chini ya yote hayo ilikuwepo hofu, kwamba mlango wa mwisho niliokuwa nimeushika yeye alishaufungua zamani akakuta nyuma yake hakuna kitu. Akasema atamwambia Mama, anatafuta namna ya kumwambia bila yeye kudhani alikuwa anamlisha sumu. Kisha akatoa mkono mmoja chini ya shuka, akaushika mwingine.

"Mikono nimeizoea," akasema. "Nakuomba jambo lingine. Mama ananipenda, atanificha. Watoto wako mbali. Siku nikianza kuona visivyokuwepo, au kusema mambo yasiyo na kichwa wala miguu, wewe uniambie. Papo hapo. Usiende kumwambia mtu mwingine kwanza."

Nikasema sawa, Profesa.

"Utaogopa."

"Naogopa sasa hivi."

"Hata mimi," akasema, na Mama akaja na chai.

Tulikunywa, tukazungumza bei ya mbolea na mjukuu aliyefaulu. Alikuwa mzima kabisa. Alikumbuka jina la yule mwenzangu wa Tanga, na hata panya aliyesomewa dua. Nilipoaga, bodaboda ikiwa inaningoja chini barabarani, alikataa kubaki kwenye kiti. Akanisindikiza kwa hatua zake ndogo hadi mwisho wa uwanja. Pale akasimama, akatazama upande wa mikahawa, na akanigeukia kwa sauti ya mwenyeji anayeona aibu.

"Mbona umewaacha wenzako wamesimama nje muda wote huu? Waambie wale akina mama waingie, chai bado ipo. Baridi hii si ya kumsimamisha mtu."

Nikatazama. Palikuwa na mikahawa, na kinjia cha udongo mwekundu, na jua. Nikamtazama yeye machoni nikitafuta utani wake mkavu, nikiomba Mungu uwepo. Haukuwepo. Alikuwa ananingojea niwaite wageni. Jibu jepesi lilikuwa limeshafika mdomoni, kwamba wana haraka, Profesa, watakuja siku nyingine. Lingempendeza, na mimi ningepanda bodaboda nikaenda zangu Tunduma.

"Profesa," nikasema, "pale hakuna mtu. Nimekuja peke yangu."

Aligeuka akatazama tena mikahawa, kwa muda mrefu, kwa makini. Kisha akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubana kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Bado nawaona," akasema. "Usiondoke kwanza."

Nikampungia mkono dereva wa bodaboda aende zake.